Dirisha lililopigiliwa mabati

Mtoto wa dada yangu alipofikisha wiki ya tatu anakohoa, mimi nilisema ni vumbi la mtaa wetu wa Kisenyi. Tunakaa watu sita kwenye mzigo mmoja, maana Kampala chumba kimoja cha kupanga ndicho tunakiita mzigo: pazia katikati, huku kitanda, huku sigiri na madumu ya maji. Yeye na wadogo zake wanalala kwenye mkeka. Mpaka suruali ikaanza kumvuka kiunoni, na usiku jasho linamtoka shati unalikamua. Makohozi yakapimwa. Kifua kikuu.

Dada wa afya alipokuja kutupima sisi wengine, alisimama mlangoni kwanza. Akauliza, "Mama, dirisha liko wapi?"

Lilikuwepo. Mwenye nyumba alijenga safu nyingine ya vyumba nyuma yetu, akalipigilia mabati. Hatukusema kitu, tuliogopa kodi isipande, na wezi nao tuliwaogopa. Tukishafunga mlango usiku, tunavuta hewa ileile mpaka alfajiri. Asubuhi ukuta umelowa, ukipitisha kidole kinaacha mstari. Kila siku naufuta kwa tambara, wala sikujua kwamba nafuta pumzi zetu.

Yule dada alinieleza: mgonjwa akikohoa, vijidudu vya TB vinaelea hewani kwa saa kadhaa kama chumba kimefungwa. Upepo ukipita vinatawanyika, na jua linaviua. Hapo niliumia sana. Dawa ni za bure kwenye vituo vya serikali, miezi 6: 2 ya kwanza dawa nne, 4 iliyobaki dawa mbili, na kijana amezimeza zote. Lakini mdogo wake wa miaka mitatu naye alikutwa na TB. Yule hatoki uani. Aliipata pale mkekani, kalalia kifua cha kaka yake.

Majirani walinong'ona kwamba ni uchafu. Chumba changu napiga deki kila siku ya Mungu!

Mabati tumeyang'oa wenyewe. Fundi wa Katwe katuchomelea nondo, juu tukatia wavu wa mbu. Mwenye nyumba kaja juu. Nikamwambia akitaka kunitoa anitoe, dirisha halizibwi tena. Saa tano jua linapenya kati ya mapaa, nauanika mkeka hapohapo.

Chumba cha tatu kuna mtoto anakohoa tangu juma lililopita, na dirisha lao bado lina mabati. Kesho asubuhi nakwenda kumgongea mama yake.