Picha ya eisii ukutani hainiambii kitu

Watu wakisikia teknolojia kwenye mafunzo ya umilisi wanawaza projekta na maabara ya kompyuta, mimi mwalimu wa ufundi wa eisii, yaani viyoyozi, nawaza simu ya kijana imefungwa kwa solitepu kwenye stuli, inarekodi kazi yake.

Huu mtindo wa CBET, ndo hayo mafunzo ya umilisi hapa Kenya, chini ya CDACC, baraza la mitaala na upimaji wa vyuo vya ufundi ilotokana na Sheria ya TVET ya 2013, mwanafunzi hapasi kwa kukariri, anapimwa kwa kazi alofanya na ushahidi unakaa kwenye faili lake, ndo hiyo POE mnasikia watu wakilalamikia. Sasa vijana wananiletea picha ya eisii ishafungwa ukutani, safi, eti kazi yangu mwalimu. Kazi yako ama ya mjomba wako huko Bamburi? Siku hizi nataka video mwanzo mwisho bila kukata, mikono ionekane, na useme unafanya nini na kwa nini.

Juzi mmoja kapanua mdomo wa bomba la kopa (shaba) vizuri kabisa, duara limekaa sawa, kumbe nati iko mezani. (Mafundi washaanza kucheka. Nati inaingia kwanza, ukishapanua haipiti tena, kata bomba uanze upya.) Kwa karatasi angepanga hatua zote na maksi angepata. Nilimuwekea video tu, sikusema neno, akajiona mwenyewe, "Aah mwalimu, nati!"

Na vakyumu, kule kuvuta hewa yote kwenye mabomba kwa pampu kabla ya gesi, ndo usiseme. Unafunga valvu kwanza, ndo unazima pampu, unangoja uone sindano ya geji itapanda ama itatulia, video inakuonyesha waziwazi nani alingoja na nani alifungulia gesi mbiombio, na hizi mashine mpya za R32 gesi yake inashika moto, si ya kuchezea.

Lakini raha yangu hasa ni mafundi wa jua kali wanaokuja kwa RPL, kutambuliwa ujuzi walonao tayari. Kuna mzee mmoja ukimpa fomu ajaze anatoka jasho, mwambie aongee na simu huku anafungua kompresa, wallahi utaandika notisi wewe.

Bando ni shida kweli, wengi wanaleta kwa flashi. Shida kubwa zaidi ni macho yangu, darasa zima likileta video siku moja nazitazama saa ngapi? Nimewaambia kila mtu aandike dakika ya ngapi kuna nini. Asoandika, faili lake naliweka chini kabisa.