Kipo au hakipo?

Tangu Jumanne maneno ya Bi Mwanahawa hayajanitoka kichwani. Mnaonifuatilia mnamjua, ni yule wa Msangamkuu aliyenifundisha kulitambua pango la pweza kwa makombe yaliyotupwa mlangoni. Wiki hii Somoe kajifungua mtoto wa kike, kaka kapewa uhamisho wa Ruangwa, mnada wa kwanza wa korosho umepita na nyumbani hakuna habari nyingine isipokuwa bei. Mimi nimebaki na Bi Mwanahawa.

Alikuja maabara kuchukua majibu. Kisa mnakikumbuka: kuna mnunuzi aliyewaambia kina mama kuwa pweza wa upande wao wana madini ya sumu, akashusha bei papo hapo, nao wakachangishana ili wapimiwe. Nikamwamkia, nikampa kiti, nikamsomea karatasi. Kadimiamu, ndiyo hiyo metali ya sumu: chini ya kikomo cha kupimika.

"Kipo au hakipo?"

"Hakijafika kiwango cha kupimika, bibi."

"Sijauliza kiwango, mjukuu wangu. Kipo au hakipo?"

"Hakionekani."

Akanitazama kwa upole kabisa. "Hata jini haonekani."

Akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akashukuru, akaondoka kuwahi pantoni.

Hakusema kwa ubaya, najua. Ndiyo maana inauma. Mtu mwenye hasira ningemjibu. Huyu aliuliza swali la haki, la mtu ambaye riziki yake yote inatoka kwenye miamba ile maji yakipwa, nami nikamjibu kwa lugha ya karatasi. Nimeyarudia mazungumzo yale nikiosha vyombo, nikiwa kwenye bodaboda, hata msikitini, Mungu anisamehe. Kila nikiyarudia namwona akifunga lile fundo taratibu, kwa vidole vilivyochubuliwa na matumbawe.

Na kwa sehemu fulani ana haki. Mashine yetu, inayopima metali kwa kuipasha kwenye tanuri dogo, haijui kusema "hakipo". Tanuri lenyewe ni mrija wa grafiti, urefu wake kama sentimita tatu, una kitundu juu. Nyama ya pweza huyeyushwa kwanza kwa asidi ya nitriki mpaka iwe maji, kisha mkono wa mashine unadondosha mikrolita 20 tu, hata tone kamili halijafika, juu ya kisahani kilichomo ndani ya mrija. Kisahani hicho huitwa jukwaa la L'vov, kwa heshima ya Boris L'vov aliyeanza kupima kwa tanuri la grafiti kule Leningrad miaka ya 1950. Umeme unapita kwenye grafiti yenyewe na joto linapanda kwa hatua: kukausha, kuunguza mabaki ya nyama, halafu ghafla karibu nyuzi 1,500. Hapo gesi ya agoni inayopita mrijani inasimamishwa, atomi zinaelea ndani ya mrija kwa muda mfupi sana, na mwanga wa taa ya kadimiamu, nanomita 228.8, unapita katikati yao. Zilizopo zinaunyonya. Kwenye skrini kinachomoza kilima chembamba, kinashuka, basi.

Lakini hata sampuli tupu, asidi na maji safi bila pweza, huwa na kijilima chake. Vumbi, chupa, ncha ya pipeti, mtetemo wa mashine yenyewe. Tunaipima tena na tena, tunaangalia inavyoyumba, na kikomo tunakiweka juu ya kule kuyumba. Chini ya hapo mtu mwaminifu ananyamaza. Kwa hiyo "hakipo" sikuwa nayo ya kumpa, na ningempa ningekuwa mwongo kama yule mnunuzi.

Alhamisi usiku umeme ulikatika, joto likanitoa kitandani, nikakaa barazani na daftari la kazi na tochi ya simu. Nilikuwa natafuta kitu kingine. Nikafika ukurasa wa pweza wake, nikausoma, na moyo ukafunguka.

Kadimiamu hukimbia mapema. Ukiunguza kwa joto kali bila kutia paladiamu na magnesiamu ya kuishikilia, inaondoka na moshi kabla ya kupimwa, na unaandika majibu mazuri ya uongo. Huyo ndiye jini mwenyewe, na maabara yoyote makini inamwogopa. Kwa hiyo tulichukua kipande kingine cha nyama ileile, tukakitia kadimiamu ya kiasi tunachokijua, tukakiyeyusha na kukipitisha njia ileile. Ikarudi karibu yote. Kilima kikasimama wima pale panapostahili. Na habari hiyo imeandikwa mstari wa mwisho wa karatasi ileile aliyoifunga kwenye kanga!

Basi Jumamosi bamvua likiwa kubwa navuka kwenda Msangamkuu. Maneno nimeshayapanga: Bibi, jini tulimtia kwa mikono yetu, na alionekana. Jini wa ukubwa ule angekuwemo kwenye pweza wako, asingejificha. Nitamwambia pia kwamba Ulaya wanaruhusu hadi miligramu moja kwa kilo ya nyama ya pweza iliyotolewa matumbo, na kikomo chetu kiko chini sana ya hapo, ili mnunuzi akirudi na hadithi zake wamwulize alipimia wapi na kwa kitu gani. Na matumbo waendelee kuyatupa. Kadimiamu hujikusanya hasa kwenye ini la pweza, mle ndani ya kichwa, na wao siku zote hukipindua kichwa nje ndani na kukikwangua pale pale ufukweni. Ningependa kumwona uso wake akisikia kwamba mashine inakubaliana na mikono yake.

Mama kapiga simu kutoka Newala. Tangi lina ufa chini, maji yamebaki ya kufunika kata, fundi anataka pesa kwanza na mvua bado. Nimemwomba aje mjini akasema korosho ziko chini ya miti, ataziachia nani. Sauti yake ilikuwa kavu. Sijui kama ni mafua au hanywi maji ya kutosha, na dada simu hapokei.