Riverbu ya vokali iliyorekodiwa kwenye nyumba ya bati

Vyumba vingi vinavyogeuzwa studio hapa Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, vinafanana: sakafu ya sementi, kuta za tofali zilizopigwa plasta, bati juu, na mara nyingi dari hakuna. Kabla hujapakua plagini yoyote ya riverbu (programu ndogo inayoongeza mkia wa mwangwi kwenye sauti), simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, ujue huo tayari unaingia kwenye maiki. Riverbu haiwezi kuuficha. Inauongeza, kwa sababu plagini hupokea sauti ya mwimbaji ikiwa na sauti ya chumba na kuzitandaza zote mbili.

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita moja na nusu kutoka kwenye maiki, sauti huenda na kurudi mita 3, yaani hufika imechelewa kama milisekunde 9. Sikio halitambui hilo kuwa ni mwangwi, linasikia tu vokali kama imeimbwa ndani ya pipa. Dawa yake ni godoro la sponji lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, mablanketi mawili mazito pembeni, na mdomo sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki. Godoro huwekwa nyuma yake kwa sababu maiki ya kadioidi inasikiliza upande wa mwimbaji, pamoja na chochote kinachorudi kutoka ukuta ulio nyuma yake. Kanga na mapazia mepesi hayasaidii kitu.

Sasa plagini. Kwa vokali ya nyumbani naanza na aina ya pleti. Pleti za mwanzo zilikuwa chuma halisi: EMT 140 ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1957, ilikuwa karatasi kubwa ya chuma iliyoning'inizwa ndani ya fremu, na mtambo mzima ulikuwa na uzito wa karibu kilo 270. Faida yake kwetu ni kwamba pleti haichori picha ya kuta. Ukitumia riverbu ya chumba juu ya vokali yenye chumba ndani yake, msikilizaji anapata vyumba viwili vinavyogombana.

Za bure zinatosha kabisa. Dragonfly Reverb ina pleti, chumba na ukumbi, kila moja plagini yake. TAL-Reverb-4 ni nyepesi kwa kompyuta ya zamani. Valhalla Supermassive ni nzuri, lakini imetengenezwa kwa mikia mirefu sana, kwa hiyo iachie kinanda cha utangulizi. Anayetumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, tayari anayo Fruity Reeverb 2. Zile plagini zilizovunjwa zinazopita kwenye flashi, usiziweke kwenye mashine yenye kazi za watu.

Usiiweke riverbu juu ya kila vokali. Fungua chaneli moja tupu kwenye miksa, weka Reeverb 2 humo, na ushushe Dry (sauti kavu isiyo na riverbu) hadi sifuri. Chagua chaneli ya vokali, kisha bonyeza kimshale kilicho chini ya chaneli ya riverbu ili utume kiasi unachotaka. Dry ikisahaulika juu, vokali inapita mara mbili: sauti inapanda, unadhani umepata nguvu, kumbe umeharibu uwiano wote. Kabla ya riverbu, kwenye chaneli hiyohiyo, weka ikwalaiza: kata chini ya hezi 300 na juu ya hezi 7,000. Matope mengi ya miksi za nyumbani hutoka chini ya hezi 300.

Muda nao usikisiwe. Gawanya 60,000 kwa BPM (idadi ya biti kwa dakika) upate milisekunde za biti moja. Wimbo wa 96 unatoa 625. Gawanya kwa 16, unapata 39, na hiyo ndiyo Delay ya kuanzia kabla mkia haujaingia. Inaliacha neno litoke kwanza. Decay, yaani urefu wa mkia, iwe kama biti mbili, sekunde 1.2. Sebene ya 130 inataka milisekunde 29 na mkia wa sekunde 0.9.

Hapa Kiswahili kina mahitaji yake, na preseti nyingi (mipangilio inayokuja tayari na plagini) hazikuyazingatia. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu. Imba "nakutafuta" kwenye mkia wa sekunde 3 na kila "a" na "u" inamwagikia silabi inayofuata hadi maneno yanakuwa uji. Ndiyo maana mkia mfupi hutufaa zaidi. Tena "s" na "sh" ni nyingi: "sisi", "msalaba", "shusha". Weka diesa (plagini ya kupunguza ukali wa "s") kabla ya riverbu, kati ya hezi 5,000 na 8,000, vinginevyo kila "s" inaacha mluzi nyuma yake. Ukitaka mkia mrefu kwenye kiitikio, weka kompresa baada ya riverbu, iendeshwe na vokali yenyewe, ishushe riverbu desibeli 3 hadi 6 mwimbaji anapoimba. Akinyamaza, mkia unapanda wenyewe.

Besi na kiki zisiguse riverbu. Pia safisha sehemu za kimya kabla hujatuma. Bati linapopoa jioni hugonga, na mlio mmoja ulioingia kwenye maiki ukipewa mkia utasikika wimbo mzima.

Kupima kiwango: punguza sauti ya spika, pandisha riverbu mpaka uisikie waziwazi, kisha ishushe desibeli 2 au 3. Izime. Ukiona wimbo umekauka, kiwango kinatosha. Halafu sikiliza kwa mono kwenye simu, maana riverbu pana ya hedifoni hupungua sana pande mbili zikiunganishwa.

Nyimbo za kwaya zitoe mara mbili. Kanisa lenyewe lina bati na kuta tupu, linaongeza mkia wake. Kwa toleo la kupigwa humo shusha chaneli ya riverbu desibeli 4 na Decay ifike sekunde 0.8. Hamisha matoleo yote mawili kwa WAV ya biti 24, na jina la faili liseme wazi lipi ni la kanisani, maana anayekaa kwenye miksa siku ya Jumapili atafungua la kwanza analoliona.