Namna tulivyosomewa mapato na matumizi ya zahanati

Kwa miaka mitatu nilikuwa na hasira na serikali, na katika miaka hiyo yote hasira yangu haikumkosesha kiongozi yeyote hata usingizi wa mchana. Nilikuwa nikiitolea kibarazani, nikiwa nimekaa kwenye cherehani, mbele ya wateja ambao nao walikuwa na za kwao. Tulikuwa tukikubaliana kila siku kwamba nchi inaliwa, kisha mteja anajaribu gauni lake, analipa au anakopa, anaondoka.

Mimi ni fundi cherehani katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Morogoro. Zahanati iliyo karibu nasi ipo umbali wa kilomita 11, ng'ambo ya mto ambao masika ukijaa hauvukiki, na wajawazito wetu wanalijua jambo hilo kuliko yeyote anayeandika mipango. Tangu mwaka 2007 serikali ilikwisha kuweka katika mpango wake wa afya ya msingi, ule tulioujua kwa jina la MMAM, kwamba kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Utaratibu ulikuwa ule unaofahamika kote nchini: wananchi wanainua boma kwa nguvu zao, halmashauri inakuja kulimalizia. Sisi tulianza mwaka 2018. Tulifyatua na kuchoma tofali, tukasomba mchanga na kokoto, wanawake tukabeba maji kichwani, na mwaka uliofuata kuta zikafika kwenye lenta. Hapo tukaambiwa kwamba halmashauri haina fungu mwaka huo, hivyo kila kaya itoe shilingi 20,000 za mbao na bati.

Tulitoa. Aliyechelewa alifuatwa na mgambo, na jirani yangu mmoja alichukuliwa baiskeli ikakaa ofisi ya kijiji siku tisa mpaka alipouza mahindi yake kwa bei ya hasara akaikomboa. Baada ya hapo palikuwa kimya. Mvua zilinyesha juu ya kuta zisizo na paa, mbuzi wakafanya chumba cha kujifungulia kuwa mahali pao pa kujikinga na jua, na mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, haukuitishwa kwa mwaka mzima na miezi kadhaa.

Mwaka 2020 ilikuja habari kwamba mkubwa mmoja kutoka wilayani atakuja kukagua boma letu. Nilipewa kazi ya kushona vitambaa vya kupamba jukwaa na meza. Tulipatana shilingi 45,000, nikaambiwa nitalipwa mgeni akishaondoka. Mgeni alikuja akiwa na msafara wa magari, akazunguka boma mara moja, akauliza mbona bati hazijapandishwa, akaagiza kazi ikamilike ndani ya miezi miwili, akala, akaondoka. Mimi sikulipwa. Katika daftari langu, mahali ninapoandika vipimo vya wateja na madeni yao, niliandika "Ofisi ya kijiji, vitambaa vya jukwaa, 45,000, bado", nikakunja kona ya ukurasa kama ninavyofanya kwa wadaiwa sugu.

Nilijaribu njia ambazo kila mtu huzijaribu. Nilipiga simu redioni katika kipindi cha maoni, nikakatwa kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Nilikwenda kwenye mkutano wa mbunge, ambako waliopewa kipaza sauti walikuwa wamekwisha kuteuliwa, na nilipopenya nikauliza, mheshimiwa akasema swali langu ni zuri na kwamba atalifuatilia. Nilimwona kwa macho yangu akiandika kitu kwenye karatasi, na ninadhani karatasi hiyo ilibaki pale mezani pamoja na chupa za maji. Kura nayo haikutusaidia. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 mwenyekiti wetu alipita bila kupingwa, kama walivyopita wengi nchini mwaka ule, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa, kisha vyama vyao vikubwa vikatangaza kujitoa. Mtu ambaye hakuniomba kura haoni sababu ya kunieleza fedha yangu ilikwenda wapi.

Mwezi Aprili 2021 nilikuwa napiga pasi huku redio ikieleza ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, halmashauri zipi zina hati inayoridhisha na zipi zina hati yenye shaka. Ya kwetu ilikuwa miongoni mwa zilizoridhisha. Nilikaa nikatazama mkaa unavyogeuka majivu ndani ya pasi. Usiku ule niliandika barua yangu ya kwanza kwa mtendaji wa kijiji, kurasa mbili zilizojaa moto, na matokeo yake yalikuwa kuitwa ofisini na kuonywa kwamba nisipoacha uchochezi nitafikishwa mahali nisipopapenda.

Aliyenionyesha kosa langu ni mzee mmoja wa kata ya jirani aliyestaafu utendaji, ambaye alikuja kupunguziwa suruali. Nilimpa nakala ya barua ile aisome wakati nikifumua upindo. Akaisoma polepole, akavua miwani. "Mama fundi," akasema, "neno wizi limo mara nne, lakini ombi halimo hata moja. Sasa akujibu nini?"

Nikamuuliza, "Baba, kwani wewe ulipokuwa mtendaji, ni barua ya namna gani ilikuwa inakunyima raha?"

Akacheka. Akasema ni ile fupi, yenye tarehe, inayoomba karatasi ambayo sheria inamtaka awe nayo, na ambayo nakala yake imekwenda kwa mkubwa wake. Akanieleza kwamba chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, siyo mwenyekiti wala mtendaji. Kwamba Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Na kwamba ipo Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi iliyoombwa taarifa ijibu ndani ya siku 30. Nilishangaa. Ningekuwa nalifahamu hilo la siku 30, nisingepiga kelele miaka mitatu. Halafu nilikumbuka kwamba mteja anapobisha deni simwiti mwizi, ninafungua tu ukurasa wake. Suruali ile sikumtoza.

Kabla ya kuandika tena, mimi na akina mama wawili wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa tulipita nyumba zote 94 za kitongoji chetu. Hatukuuliza nani amekula. Tuliuliza tu kama kaya ilitoa mchango na kama stakabadhi ipo. Kazi ile ilituchukua majuma mawili, maana stakabadhi za watu hazina kabati. Moja ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, nyingine imechomekwa kwenye upenyo wa paa na imeliwa nusu na panya ila namba inasomeka, na mama mmoja alikuwa ameihifadhi ndani ya kadi ya kliniki ya mwanawe aliyezaliwa njiani, kwenye boda boda, wakikimbilia zahanati ile ya ng'ambo. Mwishowe tulikuwa na stakabadhi 71. Hiyo ni shilingi 1,420,000 kutoka kitongoji kimoja kati ya vinne. Waliolipa bila kupewa stakabadhi hatukuwahesabu, ingawa walikuwepo na waliumia sana kuachwa.

Barua ya pili ilikuwa na mistari kumi na moja. Iliomba vitu vitatu: taarifa ya mapato na matumizi ya mchango wa zahanati, orodha ya vifaa vilivyonunuliwa pamoja na risiti zake, na tarehe ya mkutano mkuu ambapo taarifa hiyo ingesomwa. Watu 43 walitia saini, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Mtendaji alikataa kugonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu, akisema mhuri umefungiwa kabatini na ufunguo hauonekani. Nilikwenda mjini nikaituma kwa rejesta posta, nakala moja kwa mtendaji wa kata na nyingine kwa mkurugenzi wa halmashauri, nikabandika risiti ya posta katika daftari langu la vipimo, mkabala na ule ukurasa wenye kona iliyokunjwa.

Siku 30 zilipita bila jibu. Nikaanza safari za wilayani, nauli shilingi 7,000 kwenda na kurudi, ambayo kwangu ni ushonaji wa sketi mbili za shule. Safari ya kwanza katibu muhtasi aliniambia mkurugenzi yuko kikaoni. Safari ya pili alikuwa kikaoni tena, na masijala wakasema barua haijaonekana. Niliwatajia namba ya rejesta. Kijana wa masijala akainama chini ya meza akatoka nayo, bahasha ikiwa imefunguliwa na barua ikiwa haina alama yoyote ya kusomwa. Safari ya tatu nilibeba mfuko wa stakabadhi na nikakaa kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Mkaguzi wa ndani aliyekuwa akipita akaniuliza, "Mama, hujahudumiwa?" Nilimfungulia mfuko. Yeye hakusema maneno mengi. Alizihesabu mwenyewe zote 71, akapiga simu moja, na juma lililofuata tangazo la mkutano mkuu lilikuwa limebandikwa ofisi ya kijiji, duka la pembejeo na msikitini.

Tangazo lenyewe lilikuwa na ujanja. Ajenda zilikuwa sita, na mapato na matumizi hayakuwemo. Nilipouliza nikaambiwa yatakuja kwenye "mengineyo". Kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa kijiji anajua maana ya mengineyo: jua linazama, watu wanawahi mifugo, mwenyekiti anafunga kikao. Kwa hiyo tulipokusanyika uwanja wa shule, kabla hata ya kufungua, mzee mmoja wa kitongoji cha juu, tuliyekuwa tumepatana naye, alisimama akaomba ajenda ya sita, yaani hayo mengineyo, ipande iwe ya pili. Mwenyekiti alitaka kubisha. Mikono iliyonyooshwa ilimzuia.

Mtendaji akasoma. Kitongoji chetu kilikuwa kimeandikiwa shilingi 860,000. Niliomba nafasi, nikasema kwa sauti niliyoijaribu nyumbani isitetemeke, kwamba stakabadhi zilizo mkononi mwangu ni 71, zina jumla ya 1,420,000, na ninaomba kuelezwa zile 560,000 zimeandikwa ukurasa gani. Hakukuwa na ukurasa. Akaendelea na matumizi, na humo ndimo tulimoona fedha zetu. Chakula cha wageni, 340,000. Mafuta ya gari la wageni, 120,000. Mbao kidogo, bati hakuna. Bibi mmoja aliyekaa chini kwenye kanga yake akasema, bila hata kuomba nafasi, "Kumbe tulimlisha kuku mtu aliyekuja kutuuliza bati ziko wapi!" Watu walicheka kicheko kirefu ambacho hakikuwa na furaha ndani yake.

Kisha akasoma: "Mapambo ya jukwaa, malipo kwa fundi cherehani, 90,000." Kijijini kwetu fundi cherehani ni mmoja. Watu wote waligeuka kunitazama, na kwa muda mfupi niliona katika nyuso za baadhi yao jambo lililoniogopesha kuliko onyo lolote la ofisini, yaani kwamba walidhani na mimi nimo. Nilifungua daftari kwenye kona iliyokunjwa, nikampa mwalimu mkuu alisome yeye ili isiwe sauti yangu. Alisoma tarehe, alisoma 45,000, akasoma neno "bado".

Mkutano uliikataa taarifa, muhtasari ukaandikwa hivyo, na kamati ya watu saba ikachaguliwa kusimamia mbao na bati pamoja na stakabadhi. Wapo walionishauri tupeleke jambo TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, na tulipeleka nakala, ila sijasikia lililotokea huko. Mtendaji hakushtakiwa. Alihamishiwa kata nyingine, na hilo limenibakizia uchungu, kwa sababu sioni adhabu katika kumhamisha mtu pamoja na tabia yake kwenda kwa watu ambao hawana daftari. Mkaguzi alisimamia kurudishwa kwa sehemu ya fedha kwa makato ya mshahara. Paa lilipandishwa mwaka 2023. Zile 45,000 zangu nililipwa kwa mafungu matatu.

Uchaguzi wa Novemba 2024 ulileta mwenyekiti mwingine. Mtendaji wa sasa ni binti mdogo ambaye hubandika mapato na matumizi ubaoni kila robo mwaka, na ninapokwenda kuyasoma hutoka ofisini na kusema, "Shikamoo mama, leo umekuta kosa?" Mara ya mwisho nilikuta kosa la kujumlisha la shilingi 4,000. Alijumlisha upya kwenye simu yake, akasahihisha kwa kalamu na kuweka saini pembeni.

Zahanati ina paa, milango na kitanda kimoja, lakini haina mganga wala muuguzi. Barua ya kuomba watumishi tumeiandika kwa mistari tisa, na nakala yangu ina mhuri wa kupokelewa. Leo ni siku ya 19.