Babu aliniuliza kesho wanakata wapi

Alhamisi usiku. Niko ofu, chai imepoa hapa pembeni na usingizi hauji, kwa sababu kesho naingia asubuhi na ndo siku ya kufungua bandeji ya babu. Basi acha niandike.

Kwa wasionijua, mi ni nesi, wodi ya upasuaji wanaume, mwaka wa tatu sasa, kabla ya hapo nilikuwa wodi ya akina mama.

Jumapili nilikuwa zamu ya usiku. Babu mmoja, sukari ya miaka mingi, kidonda kilianza kwenye kidole gumba cha mguu, kiatu tu kilimchubua, akawa anafunga majani majani huko nyumbani mpaka unyayo ukawa mweusi na harufu ndo ikawaamsha watoto. Jumatatu yuko kwenye listi ya thieta, wa pili. Fomu ya ridhaa ipo kwenye faili, imesainiwa na mtoto mkubwa, karatasi zote ziko sawa kabisa. Nikamwambia babu kuanzia saa sita hakuna kula tena, akaitikia, nikawa namalizia kumpima presha, akaniuliza taratibu kama mtu anayeuliza saa: "mwanangu, kesho wanakata wapi?"

Nikamuuliza babu, nani kakwambia unakatwa? Akacheka. Akasema hakuna aliyeniambia, ila toka juzi watoto wananiletea kila ninachokipenda na hakuna hata mmoja anayeangalia mguu.

Sasa jibu tulilozoea ni "subiri asubuhi daktari atakueleza". Nimelitoa sana hilo jibu na najua linakoishia, asubuhi raundi ni ya mbio, daktari ana vitanda vingi, anasema mzee leo tunakusafisha huo mguu, mzee anasema sawa, machela imeshafika. Halafu sisi hao hao ndo tunawaimbia wagonjwa mficha maradhi kifo humuumbua. Nani anaficha sasa?

Ila ukweli kilichonikalisha chini usiku ule sio ushujaa. Ni mama mmoja wa miaka minne iliyopita. Utumbo ulijisokota, dharura ya usiku, mume akasaini na mi nikasaini kama shahidi. Aliamka akakuta mfuko wa choo tumboni. Hakupiga kelele, aliniangalia tu akasema "sista, we ulikuwepo." Na nilikuwepo kweli, tulikaa karibu saa nzima tunasubiri damu, mama ana akili zake timamu, anaongea, na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuamka na ule mfuko wala kumuuliza chochote. Kuna dharura ambazo dakika hazipo, naelewa, lakini ile haikuwa hivyo, dakika zilikuwepo tukazitumia kukaa kimya.

Basi nikavuta kiti. Nikamuuliza babu, unaogopa nini zaidi? Nilijua atasema kufa. Wapi. Akanisimulia habari za kaka yake, naye sukari, walimkata vidole, baada ya muda unyayo, baada ya muda wakapanda juu ya goti, mara tatu anaingia thieta na mara ya tatu shamba lishauzwa na bado wakamzika. "Mimi sitaki kukatwa pingili pingili kama muwa." Alivyoitamka hiyo pingili, kaunyoosha mkono anakata hewa, hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka.

Halafu akauliza mguu wenyewe utaenda wapi, maana yeye anataka uzikwe, usitupwe. Na la mwisho, akizidiwa asije akawekewa mashine ya kupumulia akafia mjini, watoto wakaanza kuchangishana pesa za kusafirisha maiti, bora arudi kwake angali anapumua, gari la kawaida tu linatosha. Haya yote yalikuwa kichwani mwake na faili zima halina hata mstari mmoja.

Nikampigia daktari wa zamu. "Sista, saa nne usiku unanipigia kuniambia mgonjwa anaongea?" Nikamwambia ndio. (Baadae aliniomba radhi, na yeye ndo alimfikishia bosi wake kabla ya raundi, kwahiyo simsemi vibaya.)

Jumatatu asubuhi daktari bingwa akakaa kitandani. Akakaa kabisa, sio kusimama miguuni na faili mkononi. Watoto wakaitwa. Yule mkubwa akanivuta pembeni kakunja uso, "sista unamchulia mzee, sisi tumeshasaini, ya nini kumtia hofu?" Sikumjibu vizuri, nilikuwa nimechoka na zamu, nikamwambia tu mguu ni wa baba yako. Najua ningeweza kusema kwa upole. Yule kaka hakuwa mbaya, alikuwa anaamini ukimwambia mtu mzima jambo la namna hiyo unamuua kabla ya siku zake, na hata mi kwetu nimelelewa hivyo hivyo.

Daktari akaeleza kwamba vidole peke yake haiwezekani, damu haifiki vizuri huko chini, kidonda hakitapona na ndo yale yale ya kaka yake. Chini ya goti damu bado ipo, goti likibaki kutembea na mguu wa bandia inakuwa rahisi zaidi, ila hawezi kuahidi kwamba patapona. Wakikata juu ya goti nafasi ya kupona ni kubwa zaidi lakini kutembea kunakuwa kugumu, kwa umri wake huenda ikawa kukaa tu. Babu akafikiri muda mrefu, hakuna aliyeongea. Kisha akasema, goti nalitaka, kateni chini. Na pakikataa kupona msinirudishe tena, nipeni dawa ya maumivu nikae kwangu.

Kijana mkubwa akatoka nje. Binti mdogo akabaki kamshika baba yake mkono. Daktari akaandika kwenye faili na ile ya mashine akaandika, fomu ikajazwa upya na babu akasaini mwenyewe, polepole, herufi kubwa kubwa.

Unajua ile karatasi ya ukaguzi ya thieta ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, vipengele 19, cha kwanza kabisa kabla ya ganzi ni mgonjwa mwenyewe athibitishe jina, anafanyiwa nini, sehemu gani na kama ameridhia. Wenzangu wa thieta wanasema babu aliwajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Alipigwa ganzi ya mgongo. Mguu ulifungwa vizuri, mjukuu akaupokea wakaenda kuuzika.

Sio kila mzee anataka hivi. Jumanne nilimuuliza mwingine swali lile lile akaniambia "ongea na wanangu, mi sitaki kusikia", na hilo nalo ni jibu, nimeliandika, alimradi limetoka kinywani mwake.

Jana jioni binti mdogo alinikuta kwenye korido akaniuliza, "sista, bandeji ikifunguliwa tukakuta pameharibika, kweli mtamsikiliza? Maana kaka ameshaanza kuulizia hospitali nyingine." Nikamwambia imeandikwa kwenye faili. Akasema najua imeandikwa, nakuuliza mtamsikiliza?

Joto halijapanda toka juzi, harufu hakuna, hilo nalishikilia. Raundi ni saa mbili, babu ameomba niwepo.