Nilivyopata taa za LED zinazokubaliana na dima ya chumba cha mama

Naandika haya kwa sababu watu wanne walinishauri vibaya, na ushauri mwingine ulinitoa hela. Mmoja ni fundi, wawili wauza duka la vifaa vya umeme, wa nne ni ndugu yangu mwenyewe.

Mama alihamia kwetu Tabata, Dar es Salaam, kutoka Tanga mwaka juzi. Chumba tulichompa kilikuwa sebule ya pili ya mwenye nyumba wa zamani, ndiyo maana darini kuna taa ya matawi matano na ukutani, badala ya swichi ya kawaida, kuna dima ya kuzungusha, yaani swichi ya kupandisha na kushusha mwanga. Mama aliipenda siku ya kwanza. Analala chumba kimoja na mjukuu wake wa miaka minne, na yeye huamka kabla ya alfajiri. Akiamka anaipandisha kidogo tu, aone njia ya kwenda kutia udhu bila kumwamsha mtoto. Jioni anaipandisha mpaka mwisho asome msahafu wake wa herufi kubwa. Ndugu yangu alisema nimnunulie taa ya mezani yaishe. Mama ana miaka zaidi ya sabini, magoti yanamsumbua, na waya wa taa ya mezani sakafuni ndio ulioanza kumwangusha kule Tanga. Taa ya juu inamulika sakafu yote. Sikutaka mjadala.

Tatizo lilikuwa LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Matawi yale yalikuwa na globu za zamani za uzi, wati 60 kila moja. Tano ni wati 300. Kwa saa sita kwa siku ni karibu uniti mbili, chumba kimoja. Na msidhani ukiishusha taa unaokoa sana: globu ya uzi ikishushwa mwanga unapotea haraka kuliko umeme unavyopungua, kwa hiyo ikiwa hafifu kama mshumaa bado inakula.

Nikaanza na zile taa nyeupe za kujiviringa, za kuokoa umeme. Hizo sizungumzii sana. Zililia kama nzi aliyenaswa kwenye chupa, mbili zikafa ndani ya wiki moja, na baadaye nikasoma kwenye boksi, kwa maandishi madogo mno, kwamba hazifai kwenye dima. Ukiona hilo kwenye boksi usibahatishe, maana zinaweza kupata moto kupita kiasi.

Nikaenda kununua LED. Muuzaji akaniambia, "Dada, LED ni LED, zote zinafanya kazi." Nikachukua tano. Zikiwa zimewashwa mpaka mwisho, safi. Nikianza kuzishusha, zinacheza. Nikifika nusu zinaruka kama umeme wa mvua ya masika, nikishusha kidogo tena zinazimika zote kwa mpigo. Kuzirudisha sasa: nazungusha, kimya, nazungusha, kimya, halafu ghafla zote zinalipuka kwa mwanga katikati ya usiku, mtoto analia. Mama alivumilia usiku mbili. Usiku wa tatu akaniita, "Mwanangu, kichwa kinaniuma. Hii taa inapepesa macho."

Nikaita fundi. Akaitazama dima dakika moja. "Dada, hii imekufa. Tununue nyingine." Akaleta nyingine ya aina ile ile, elfu ishirini na kitu pamoja na ufundi, akafunga, akachukua hela, akaondoka kabla ya giza kuingia. Usiku taa zikacheza vile vile. Nilipompigia akasema basi toa dima kabisa, weka swichi ya kawaida. Nilikasirika sana. Nilikuwa nimemwambia tangu mlangoni kwamba mama anaihitaji dima.

Kesho yake nikarudi kununua LED nyingine, safari hii zile zilizoandikwa "dimmable" kwenye boksi. Neno hilo ndilo la kutafuta, na msikubali boksi lisilo nalo hata muuzaji akiapa. Wati 5 kila moja, rangi ya njano ya 2700K, kwa sababu zile nyeupe za 6500K zilimfanya mama aseme yuko hospitali. Zilikuwa bora, lakini chini ya nusu bado zilitetemeka.

Hapo ndipo nilipoamua kuacha kuuliza watu. Nikazima meini swichi, nikahakikisha kwa testa, nikafungua skrubu mbili na kuivuta dima nje ya ukuta. Nyuma, kwenye plastiki, kulikuwa na maandishi madogo kama mguu wa sisimizi. Nikayapiga picha na kuyakuza: 60–400W. Nikakaa kitandani kwa mama na ile picha. Nilikuwa nimeangalia ile 400 peke yake, nikidhani nina nafasi kubwa. Ile 60 ndiyo iliyokuwa inasema nami. Dima ile inataka mzigo usiopungua wati 60 ndipo itulie. Mimi nilikuwa nimeipa tano mara tano: 25.

Nilimwambia mama, "Dima ina njaa." Akacheka, akasema ilishe basi.

Nikaenda stoo nikatoa globu moja ya zamani ya wati 60, nikaifunga kwenye tawi la katikati. Nne za LED pembeni, moja ya uzi kati. Jumla wati 80. Nikawasha, nikaanza kushusha polepole, mama kasimama mlangoni ameshika fremu. Robo tatu, tulivu. Nusu, tulivu. Robo, LED zimeshuka pamoja na ile globu kama zimeshikana mikono. Hazikupepesa hata mara moja. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Kwa mwezi na nusu tuliishi na ujanja huo, na matumizi ya chumba yalishuka mpaka chini ya theluthi. Mwenye dima ya zamani na asiye na hela ya kubadilisha, aanze hapo.

Lakini globu ile ilikuwa bado inakula peke yake kuliko zile nne kwa pamoja, na ilizidi kuwa nyekundu zikishuka, wakati LED za kawaida hubaki na rangi ile ile zikififia. Nikaanza kusoma. Dima haipunguzi umeme kama unavyofunga bomba la maji. Umeme wetu wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, unakuja kwa nusu-mawimbi 100 kila sekunde, na dima inakata kipande cha kila nusu-wimbi. Ya zamani inakata mwanzo, kwa hiyo umeme unaingia kwa kishindo mara mia kwa sekunde. Uzi wa globu una moto wake, hauhisi. LED ina saketi ndogo shingoni, na vishindo hivyo ndivyo vinavyoichanganya. Kuna dima nyingine inayoacha umeme uanze taratibu, halafu inakata mwisho wa wimbi. Hiyo ndiyo ya LED. Ukienda dukani uliza ile inayokata mwisho, na uangalie wati za chini. Niliyopata mimi imeandikwa 3–100W, na bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya fundi.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hiki ndicho ninachojivunia. Nilichukua kipande cha ubao, nikafunga juu yake ile dima mpya ndani ya boksi lake, holda moja ya kuzungusha, na waya wenye plagi. Nikatia kwenye mfuko wa sandarusi, nikapanda daladala mpaka Kariakoo, mitaa ya Gerezani. Kila duka niliomba soketi. Wengine walikataa. Wawili walikubali, na mmoja akapendezwa kiasi cha kuniletea kiti. Tulijaribu aina saba, zote zimeandikwa zinafaa kwa dima. Tatu zililia zikifika chini. Ukizisogeza karibu na sikio unasikia. Mbili zilizimika zikifika theluthi. Moja macho yaliiona tulivu, ila nilipoielekezea kamera ya simu, mistari myeusi ikawa inatembea kwenye kioo. Jueni kipimo hicho, hakina gharama. Ya saba ilishuka mpaka ikawa kama kaa la jiko linalokufa, kamera ikabaki safi. Nikachukua saba za aina hiyo hiyo: tano za kufunga, mbili za akiba, kwa sababu ukichanganya aina kwenye dima moja kila moja inashuka kwa mwendo wake.

Mwanga wa lumeni 470 kila moja, wati 5. Sasa uniti moja inakaa siku sita na zaidi chumbani kwa mama.

Usiku ule nilifunga kila kitu. Dima mpya ina skrubu ndogo pembeni ya kupangia mwanga wa chini kabisa, na hilo fundi wengi hawaligusi. Nililigusa na bisibisi ya testa, mtoto amelala, mama amekaa kitandani na tasbihi mkononi. Nikashusha. "Giza," akasema. Nikapandisha kwa unywele. "Naona kanga pale kitini." Tena kidogo. "Hapo. Kandambili naziona. Usiguse tena, mwanangu."

Nikazima. Nikasubiri, kisha nikawasha ikiwa pale pale chini, nione kama itaanza bila kuvutwa juu. Ikaanza.