Shangazi na mkanda wa kipofu

Shangazi yangu alikuwa kipofu na alikuwa na televisheni. Jambo hilo liliwasumbua majirani zake wa Njoro, pale Moshi, kuliko lilivyomsumbua yeye. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na nilipoingia Moshi kwa likizo ya Desemba 1996, kutoka kwetu Arusha, seti yake ilikuwa imeshapata heshima zake pale sebuleni: imefunikwa kitambaa cha kufuma, na chini yake imelazwa deki ya video. Waliomuuliza aliwajibu, "Redio naisikiliza, na hii naisikiliza. Tofauti yake bei tu."

Macho yake yaliondoka na surua akiwa mtoto mdogo, huko Kibosho. Hospitali ya KCMC ilikuja kufunguliwa mwaka 1971, na yeye wakati huo alikuwa binti mkubwa, ameshasoma nukta nundu, maandishi ya vipofu, na ameshazoea hali yake. Baadaye alifundishwa kazi ya swichibodi, akawa opereta wa simu katika ofisi moja pale mjini. Namba za simu alikuwa nazo kichwani. Mtu akipiga na kuvuta pumzi tu kabla ya kusema "halo", yeye ameshamjua na ameshamuunganisha na anayemtaka. Kiingereza chake kilikuwa cha simu, cha haraka, hakina kigugumizi. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Kanuni za sarufi nilizijua zote, lakini mtu akinisemesha nilitafuta mlango.

Mkanda aliukodi binamu yangu, binti yake wa pili, kwenye duka moja upande wa Mbuyuni. Jalada lilikuwa la fotokopi, sura ya mwanamke haionekani vizuri, jina limeandikwa kwa kalamu: Wait Until Dark. Binamu alichukua kwa sababu muuzaji alimwambia inatisha. Filamu yenyewe ni ya mwaka 1967, imeongozwa na Terence Young, yule aliyeongoza filamu ya kwanza ya James Bond, na mwigizaji mkuu ni Audrey Hepburn. Sisi hatukujua lolote katika hayo. Tulitegemea ngumi.

Ngumi hazikuja. Kuna uwanja wa ndege, kuna mwanamke anampa abiria mwenzake mwanasesere amshikie, ndani ya mwanasesere mmeshonewa heroini. Abiria yule anakaa New York, kwenye nyumba ya chini ya usawa wa barabara, na mkewe, Susy, haoni. Binamu aliposikia kwamba mtu mwenyewe kipofu alinigeukia kwa macho makubwa, kisha akamtazama mama yake. Shangazi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Kipofu wa kuzaliwa au wa ajali?" akauliza.

"Ajali, Mama."

"Basi bado mgeni huyo. Tuone."

Haikupita nusu saa binamu akawa amelala kwenye kochi. Tukabaki wawili. Nikaanza kumtafsiria maneno, akanikatiza: "Maneno nayasikia mwenyewe, tena wewe unayachelewesha. Niambie wanafanya nini." Kwa hiyo kazi ile ambayo baadaye Lufufu aliifanya ikajulikana nchi nzima, ya kuisimulia filamu ya Kizungu kwa Kiswahili, mimi niliifanya usiku ule kwa msikilizaji mmoja, na msikilizaji mwenyewe mkali. Nikisema "anaogopa" ananiuliza nimejuaje. Nikisema "ameshika meza kwa mikono miwili, vidole vimekakamaa" ananyamaza, ameridhika.

Kuna mahali wanaume wale wahalifu wamo ndani ya nyumba, yeye anaingia kutoka nje. Wanasimama kimya. Kabatini mna maiti ya yule mwanamke wa uwanja wa ndege. Susy anapita hapo hapo, anapapasa nguo zake, anatoka zake. Mimi nilikuwa nimekunja miguu juu ya kiti.

"Uongo," akasema Shangazi.

"Uongo vipi?"

"Wanaume wazima chumbani asijue? Mtu ana pumzi. Ana jasho. Chumba chenye watu hakitoi sauti ileile ya chumba kitupu, hata hao watu wakijibana." Akachambua maharage kidogo. "Lakini kwa kuwa bado mgeni, tumsamehe."

Hakumsamehe mume. Yule mume ni mpiga picha, na falsafa yake ni kwamba mkewe afanye kila kitu mwenyewe, asisaidiwe hata kuokota kilichoanguka. Shangazi alikuwa na maoni marefu juu ya watu wanaompenda kipofu kwa kumpa mitihani. Sitayarudia hapa, mengine yalikuwa ya kikubwa.

Kilichombadilisha ni viatu. Wahalifu wale wanamchezea Susy mchezo wa kuigiza ili awaonyeshe mwanasesere alipo. Mmoja anajifanya rafiki wa mumewe wa jeshini. Wa pili anajifanya polisi. Wa tatu, Roat, aliyeigizwa na Alan Arkin, ndiye mwenye roho mbaya kuliko wote; anakuja kwanza kama mzee mwenye fujo, kisha anarudi kama kijana mpole, mtoto wa yule mzee. Anabadili mavazi, anabadili sauti, anabadili nywele. Mimi mwenye macho yangu mawili nilivutiwa na ufundi ule wa kujibadilisha. Ila viatu hakubadili. Susy akavisikia.

Shangazi akaweka ungo chini. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Deki ikakoroma, picha zikakimbia kinyumenyume, nikabonyeza. Akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza ya televisheni.

"Tena."

Nikarudisha tena. Kisha akaniambia nisimamishe kabisa, na pale, picha ikiwa imeganda inatetemeka kwa mistari myeupe, akanieleza jambo ambalo nyumbani kwetu lilikuwa halijawahi kusemwa mbele ya watoto.

Miaka kadhaa nyuma, usiku, aliibiwa jirani yake wa ukuta mmoja. Cherehani. Jirani alikuwa msibani Rombo. Shangazi aliamka kwa sauti ya komeo, akalala vilevile bila kujigeuza, akasikiliza. Mtu aliyeingia alikuwa mmoja. Mguu wa kulia aliuburuta kidogo, na alipoinua kile cherehani alivuta pumzi kwa meno. Shangazi alimjua. Alikuwa kijana wa mtaa huohuo, ambaye kila siku alipita dirishani kwake kwenda kuchota maji. Akasema kwa balozi wa nyumba kumi, akasema polisi, na kesi ilipofika mahakamani akaitwa.

"Unajua waliniuliza nini?" Shangazi akasema. "Waliniuliza, ulimwona? Nikasema sikumwona, nilimsikia. Watu wakacheka. Hakimu mwenyewe nilimsikia anacheka kwa pua. Nikasema basi, wachukueni vijana watano na yeye awemo, watembee mmoja mmoja kutoka mlangoni mpaka kizimbani, hata wavue viatu, nitawaambia ni yupi. Wakaniambia mama shuka, tumekusikia."

Kijana aliachiwa. Hapo ningetegemea hadithi iishe, lakini ndiyo ilikuwa inaanza. Kijana alirudi mtaani, akaendelea kupita pale dirishani na ndoo zake. Na akawa na tabia mpya. Anatoka kwao anaburuta mguu, kha, kha, kha, anakuja; akifika usawa wa dirisha la Shangazi, anauinua. Anapita kimya. Akishavuka nyumba, kha, kha.

"Kila siku?" nikauliza.

"Asubuhi na jioni. Wakati mwingine anauinua halafu sisikii aendelee. Hapo najua amesimama, ananitazama." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, sauti ya kazini. "Mahakama nzima ile aliyeniamini alikuwa yeye peke yake."

Alifunga madirisha ya upande ule miezi na miezi, joto la Moshi unalijua, mpaka kijana alipokwenda Mererani kuchimba tanzanite na asirudi.

Nilikuja kusoma sheria, na nitakuwa nadanganya nikisema nilikwenda kuisoma kwa ajili ya Shangazi. Nilipata nafasi, nikaenda. Lakini darasani tulipofika kwenye Sheria ya Ushahidi nilikaa wima. Sheria yenyewe ni ya mwaka 1967, mwaka uleule wa filamu, na inasema wazi kwamba ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja: jambo la kuonekana litolewe na aliyeliona, na jambo la kusikika litolewe na aliyelisikia. Hakuna mahali inasema masikio ni ya daraja la pili. Na Mahakama ya Rufani mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani, ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na usitegemewe hadi uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa: kulikuwa na mwanga kiasi gani, umbali gani, alimtazama kwa muda gani. Sisemi kijana yule alistahili kufungwa. Sauti ya hatua nayo ina makosa yake, na wakili mzuri angemhoji Shangazi mpaka jasho limtoke. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyemhoji. Walicheka wakamshusha. Sheria ya kuwalinda mashahidi tuliipata mwaka 2015, na sijui ingemlindaje mtu anayetishwa kwa ukimya.

Tuirudie filamu, maana Shangazi aliniamuru niibonyeze iendelee na maharage hakuyagusa tena.

Kuanzia hapo alikuwa upande wa Susy kabisa. Susy alipogundua kwamba wageni wake wote hao wana tabia ya kufungua na kufunga pazia za vibao dirishani, Shangazi alikuwa ameshatangulia: "Wanaitana. Kuna mtu nje." Simu ilipokatwa waya, mwenye swichibodi yake alitoa sauti niliyokuja kuisikia tena msibani tu. Na Susy alipoanza kuvunja globu, moja baada ya nyingine, hadi za ngazini, ili mbaya wake akija wawe sawa gizani, Shangazi alipiga goti lake kofi. "Haya sasa! Sasa aje!"

Nimesoma baadaye kwamba filamu ilipotoka, kumbi za sinema zilitakiwa zipunguze taa zake hadi kiwango cha chini kinachoruhusiwa na sheria kwa dakika nane za mwisho. Sisi tulikuwa na taa ya sebuleni inawaka, na mimi sikuthubutu kuizima. Tatizo langu lilikuwa kazi. Skrini nyeusi, nitasimulia nini? Kuna miguno, kuna kiti kinaanguka, kuna njiti ya kiberiti. Hapo tulibadilishana bila kupatana: Shangazi ndiye alikuwa ananisimulia mimi.

"Amehama, yuko karibu na jiko. Huyo mwingine kavua koti. Petroli hiyo inamwagwa, sikia inavyodondoka, si maji hayo."

Mara mwanga ukarudi. Hafifu, wa kando, na Roat yuko mle ndani anaonekana. Nikasema, "Ameona! Kafungua friji!"

"Kwa hiyo?"

"Friji ina taa, Shangazi. Susy aliisahau. Yule bwana kaweka kitambaa mlangoni usifungike."

Shangazi hakunijibu. Roat aliruka kutoka gizani, mimi nilipiga ukelele, binamu akaamka akauliza kama wameanza kupigana, na Shangazi bado alikuwa kimya. Susy akajibanza nyuma ya mlango wa friji akitafuta waya auchomoe. Akauchomoa. Polisi wakaja, mume akaja. Mkanda ukaisha, skrini ikawa na chenga.

Shangazi akasimama, akaenda jikoni. Nikamfuata nikidhani anakwenda kuloweka maharage. Alikuwa amesimama mbele ya friji yake, ile kubwa aliyoinunua kwa mkopo wa kazini na kuitumia miaka yote, aliyoifuta kila Jumamosi hadi kwenye mipira ya mlango. Akaifungua.

"Na hii inayo?"

"Inayo."

"Sasa hivi inawaka?"

"Inawaka. Pale juu, nyuma ya rafu ya mayai."

Akapeleka mkono polepole, akaipata, akaigusa, akautoa haraka maana ilikuwa na joto. Akafikiri.

"Kwenye friji kuna kitu cha moto," akasema, kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kisha akafunga mlango, bado kaushika mpini. "Na sasa?"

"Na sasa nini?"

"Inawaka au imezima?"

Nikautazama mlango mweupe. "Sijui, Shangazi. Ukishafunga na mimi sioni."

Alicheka mpaka akaegemea sinki. Akafungua tena akanisikilizisha, akafunga, akafungua, akaninong'oneza kwamba kuna kidude hapa pembeni kinalia *ti* mlango ukikaribia kufungika, kwa hiyo kwa maoni yake inazima, lakini kwa kuwa hakuiona hawezi kuapa.